Materia: boriti iliyogeuka maada

Mjadala wa mtandaoni kuhusu chanzo cha ulimwengu ukifika pagumu, hakosekani mtu wa kurusha Kilatini. "Ex nihilo nihil fit," anaandika, yaani kutokana na kisichokuwapo hakitokei kitu, kisha anakaa kimya kana kwamba kesi imekwisha. Mwingine anadai kuwa Wagiriki na Warumi waliijua atomu miaka elfu mbili kabla ya maabara yoyote. Wa tatu analiona neno materia, anakumbuka somo la sayansi, kwamba maada ni chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi, na anaamini kuwa Cicero, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1 KK, na mwalimu wake wa darasa la sita walikuwa wakisema jambo moja.

Tatizo la watu hawa ni kwamba wamesoma mashina ya maneno wakaacha mikia. Katika Kilatini mkia ndio unaosema nani kafanya, nani kafanyiwa, kitu kimetokana na nini na kimo ndani ya nini. Hayo ndiyo maswali ambayo wanafalsafa wa kale waliyauliza kuhusu maada. Asiyejua mikia hawezi kuona hoja iko wapi.

Neno lenyewe lilitoka msituni

Kabla ya kuingia katika falsafa, materia lilikuwa neno la seremala na mjenzi. Lilimaanisha mbao au boriti za kujengea. Julius Caesar analitumia hivyo anaposimulia daraja alilolijenga juu ya mto Rhine mwaka 55 KK: anasema kazi yote ilikamilika ndani ya siku 10 tangu materia ilipoanza kusombwa. Hapo hakuna falsafa, kuna magogo. Kilatini kilikuwa na neno jingine, lignum, ambalo kwa kawaida lilikuwa la kuni. Mswahili hahitaji kuelezwa tofauti hiyo, kwa sababu naye hawezi kwenda dukani kununua kuni za kuezekea nyumba. Kireno kimeihifadhi maana ya zamani hadi leo: mbao huitwa madeira, na kisiwa cha Madeira kimepewa jina hilo kwa sababu ya misitu yake.

Nyuma ya materia kuna mater, yaani mama. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba shina la mti lilionekana kama mama anayezaa machipukizi. Hiyo haina maana kwamba kila mwanafalsafa aliyeandika materia alikuwa akimfikiria mama. Asili ya neno ni kitu kimoja, na maana yake katika sentensi ni kitu kingine. Makala nyingi zinazoeleza falsafa kwa kuchimba mizizi ya maneno huteleza hapo.

Ilikuwaje boriti ikawa maada? Warumi walikuwa wakitafsiri. Aristotle, mwanafalsafa Mgiriki wa karne ya 4 KK, alichukua neno la kawaida la Kigiriki, hyle, lenye maana ya msitu au mbao, akalipa kazi mpya: kile ambacho kitu kimetengenezwa kwacho. Warumi walipotafuta neno lao, wengi walichagua materia. Calcidius, aliyetafsiri sehemu kubwa ya Timaeus ya Plato kwa Kilatini katika karne ya 4 BK, alichagua silva, yaani msitu wenyewe. Msomaji asiyejua hili anaweza kusoma kurasa nzima za ufafanuzi wa Calcidius akidhani mtu anaeleza habari za miti.

Sisi tulipita njia nyingine. Maada ni neno la Kiarabu, madda, na ndugu yake wa karibu ni mada, jambo linalozungumzwa. Materia nayo ina sura hizo mbili: boriti ya fundi, na pia jambo ambalo mwandishi analiandikia. Johari pia ina safari yake. Kwetu ni kito, lakini jawhar ya wanafalsafa wa Kiarabu ndiyo iliyobeba kile ambacho Aristotle alikiita ousia, yaani kitu chenyewe kinachokuwapo kabla ya sifa zake.

Mkia unaofanya kazi

Kiswahili kina njia ndogo ya kumfundisha mtu mikia ya Kilatini. Nyumba ni nyumba. Ukiiongezea -ni inakuwa nyumbani, na sasa jina limebeba kazi ya mahali bila kuhitaji neno jingine. Kilatini hufanya hivyo kwa kazi nyingi zaidi. Kila jina lina hali sita, na mkia hubadilika kufuata hali. Warumi waliziita casus, maanguko.

Chukua mensa, neno ambalo vitabu vingi vya Kilatini huanza nalo, na ambalo kupitia Kireno limetupa meza. Mensa ni meza inayotenda (nominativu). Mensam ni meza inayotendewa (akuzativu). Mensae ni ya meza (genitivu), na pia ni kwa meza kama mpokeaji (dativu). Mensa yenye a ndefu ni meza ya kutokea, ya kutumia au ya kukaa juu yake (ablativu). Ya sita ni ya kuita, ambayo kwa meza haina kazi kubwa isipokuwa kwa mlevi.

Jambo la pili ni upatanisho, na hapa Mswahili yuko nyumbani. Tunasema kiti kizuri kimevunjika, ki- ikiwafunga wote kamba moja. Kilatini hufunga kamba hiyo kwenye mkia, na kwa kuwa kamba ni imara, maneno yanaweza kukaa mbalimbali. Tazama Cicero katika Academica, kazi ya mwaka 45 KK, pale anapomfanya msomi mwenzake Varro aeleze mafundisho ya zamani kuhusu maada. Sentensi inaanza na subiectam, iliyowekwa chini. Baadaye kidogo inakuja carentem, isiyo na. Kisha mzungumzaji anafungua mabano, anasema jambo lingine kabisa, anayafunga, na ndipo linakuja jina lenyewe: materiam quandam, maada fulani. Msomaji anayekwenda neno kwa neno anakuwa amekwishapotea. Anayefuata mkia -m anajua tangu mwanzo kwamba subiectam na carentem zinasubiri jina la kike la umoja lililo katika akuzativu, na analipokea linapofika. Ukiiunganisha inasomeka hivi: wanaona kwamba chini ya vitu vyote imewekwa maada fulani, isiyo na umbo lolote wala sifa yoyote.

Mambo mawili katika sentensi hiyo hupotea kwenye tafsiri za haraka. La kwanza ni quandam, fulani. Cicero anajua kuwa analitumia neno la seremala kwa kazi lisiyoizoea, kwa hiyo analilainisha, kama mtu anayesema "aina ya mbao, tuseme". Ukiliacha neno hilo, materia inaonekana istilahi iliyokomaa, na wakati ule haikuwa hivyo. La pili ni yaliyo ndani ya mabano. Muda mfupi kabla Cicero alikuwa ameunda neno qualitas kutokana na qualis, -a namna gani, ili kupata mwenzi wa poiotes ya Kigiriki, neno ambalo Plato mwenyewe alilileta huku akikiri kuwa ni geni. Jaribu kuunda "unamnagani" kwa Kiswahili, usikie linavyokwaruza sikio. Ndivyo qualitas lilivyowakwaruza Warumi, na ndiyo maana mabano yanasema: tulitumie neno hili mara kwa mara ili lizoeleke na lichakae. Limechakaa kweli. Lugha nyingi za Ulaya leo hutaja ubora na sifa kwa neno lililozaliwa hapo.

"Kwa" moja, kazi nyingi

Sikiliza sentensi hii: kiti kimetengenezwa na fundi kwa mninga, kwa randa, kwa mfano wa kiti cha zamani, kwa ajili ya kukaa barazani. Kwa ya mninga ni ya kitu kilichotumika na kubaki ndani ya kiti. Kwa ya randa ni ya chombo kilichofanya kazi kikarudi sandukuni. Kwa ya mfano ni ya kilichoigwa, na kwa ajili ya inaonyesha shabaha. Mswahili hachanganyikiwi, kwa sababu anajua mninga ni mti na randa ni chombo. Lakini tukizungumzia chanzo cha ulimwengu wote, nani atatuambia kipi ni mninga na kipi ni randa? Hapo kwa yetu haitoshi.

Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi, katika barua ya 65 kwa rafiki yake Lucilius, anaonyesha jinsi Kilatini kilivyogawa kazi hizo. Anaanza na Wastoa, watu wa kundi lake: vitu vyote vinatokana na mambo mawili, sababu na maada. Materia iacet iners, anasema, maada imelala bila kazi, iko tayari kwa lolote, na itabaki hivyo ikikosa wa kuisukuma. Kisha anataja sababu tano anazozihesabu kwa Plato, na orodha yake ni ya vihusishi vitupu: id ex quo, id a quo, id in quo, id ad quod, id propter quod. Kile kilichotokewa, yule aliyetenda, kile kilichomo, kile kilichotazamwa, kile kilichokusudiwa. Mfano wake ni sanamu. Ex quo ni shaba. A quo ni msanii. In quo ni umbo ambalo sanamu inapewa. Ad quod ni kielelezo anachokiiga. Propter quod ni kusudi la anayeichonga.

Ex na a zote huchukua ablativu, na kamusi ndogo huzitafsiri zote mbili "kutoka". Hapo ndipo tafsiri nyingi zinapoharibikia. Ukiandika kwamba ulimwengu umetoka kwa Mungu mahali palipoandikwa a deo, na umetoka kwa maada mahali palipoandikwa ex materia, umemgeuza Mungu kuwa boriti, au boriti kuwa Mungu. Kiswahili kina dawa tayari: a ya mtendaji baada ya kitenzi cha kutendwa ni na, na ex ya malighafi ni kwa au kutokana na. Umetengenezwa na Mungu, kutokana na maada. Chombo hakipewi kihusishi kabisa katika Kilatini. Ablativu peke yake inatosha: lima, kwa tupa, scalpro, kwa patasi. Seneca anavitaja vyombo hivyo viwili kwa jina na kusema vinahitajika, lakini havistahili kuitwa sababu. Anasema hata kielelezo kiko katika kundi lao. Orodha ndefu ya Plato na Aristotle anaiita turba causarum, msongamano wa sababu, na anaiona ama ndefu mno ama fupi mno. Ukishaanza kuhesabu kila kihusishi, kwa nini usihesabu mahali na wakati pia? Kwa maoni yangu hiyo ni hoja nzuri ya sarufi ingawa imevaa joho la falsafa.

Mtego mwingine mdogo ni ex aere. Shaba ni aes, na ablativu yake ni aere. Hewa ni aer, na ablativu yake pia huandikwa aere, ingawa hutamkwa silabi tatu, a-e-re, wakati ya shaba ni mbili. Katika kitabu kinachozungumzia elementi nne na sanamu kwa pamoja, mwanafunzi anaweza kuchonga sanamu ya hewa. Wahariri wengine huweka nukta mbili juu ya e, aëre, ili kumwokoa. Pasipo na nukta, tazama jirani: kukiwa na msanii na tanuru, ni shaba, kukiwa na moto, maji na ardhi, ni hewa.

Maada ni cheo

Turudi kwa Aristotle. Hapa msomaji aliyezoea maada ya darasani anahitaji kupunguza mwendo. Kwa sayansi ya shule, maada ni aina ya kitu: tofali ni maada, wazo si maada. Kwa Aristotle, kuwa maada ni kazi ambayo kitu kinaifanya kwa kingine. Udongo ni maada ya tofali. Tofali lililochomwa, lenye umbo lake, ni maada ya ukuta. Ukuta ni maada ya nyumba. Ukiuliza "je, tofali ni maada?" atakuuliza "maada ya nini?" Ni kama kuuliza iwapo mtu ni mjomba bila kusema wa nani.

Na ukishuka chini, ukavua kila umbo na kila sifa, hata urefu, upana na kina, unabaki na nini? Aristotle anafanya zoezi hilo katika Metafizikia, kitabu cha saba, na anakiri kuwa kinachobaki hakiwezi kutajwa kuwa hiki wala kile, wala cha kiasi fulani. Ndiyo ile "isiyo na umbo wala sifa" ya Cicero. Ni kitu kisichoweza kupimwa kwenye mizani, kwa hiyo anayekiita maada ya fizikia amekosea mlango.

Katika kitabu hichohicho Aristotle anaona jambo kuhusu lugha. Sanamu ya mbao hatuiiti mbao, tunaiita ya mbao. Katika Kigiriki jina la malighafi hugeuka sifa yenye mkia wake, na Kilatini hufanya vivyo hivyo kwa -eus: lignum, ligneus, aurum, aureus. Aristotle anaona sababu: mbao haikubaki kama ilivyokuwa, imebadilika ikawa sanamu, kwa hiyo lugha inakataa kuiita sanamu kwa jina la mbao moja kwa moja. Kiswahili hakina mkia huo, lakini kiunganishi -a kinatuma ujumbe uleule: meza ya mbao, pete ya dhahabu. Anayesema "meza ni mbao" anasikika kama mtu anayeitazama meza baada ya kuvunjika.

Kuna mahali ambapo lugha ya maada na umbo bado inafanya kazi Afrika Mashariki. Teolojia ya Kikatoliki iliirithi kutoka kwa Aristotle kupitia vyuo vya Zama za Kati, na inagawa sakramenti katika materia na forma. Katika ubatizo maji ni maada, maneno yanayotamkwa ni umbo. Anayeshangaa "umbo" la maneno linafananaje hajakosea kushangaa. Forma hapa haina uhusiano na sura ya macho. Ni kile kinachoyafanya maji yale yawe ubatizo badala ya kuoga.

Mshairi aliyekataa kusema "atomu"

Lucretius, aliyefariki karibu mwaka 55 KK, alieleza falsafa ya Mgiriki Epicurus katika shairi la vitabu sita, De rerum natura. Shairi zima linahusu atomu, na neno atomus halimo. Cicero alilitumia (na alilitumia kama jina la kike licha ya mkia wake -us, kwa kuwa katika Kigiriki ni la kike), lakini Lucretius aliliacha. Mwanzoni mwa kitabu cha kwanza anataja majina yake mwenyewe: primordia rerum, vianzio vya vitu, materies, genitalia corpora, miili izaayo, semina rerum, mbegu za vitu, corpora prima, miili ya kwanza, kwa sababu vyote vinatokana nayo.

Orodha hiyo imejaa uzazi: kuzaa, mbegu, na ndani ya materies, mama. Mtu anayetafsiri yote kwa "atomu" anaokoa muda lakini anaua picha. Atomu ya Lucretius haigawanyiki, haina utupu ndani yake, ina umbo na uzito, na aina za maumbo yake zina kikomo. Atomu ya leo ina sehemu: elektroni iligunduliwa na J. J. Thomson mwaka 1897, na kiini kilielezwa na Rutherford mwaka 1911. Kinachofanana ni jina, pamoja na wazo la jumla kwamba vitu vikubwa ni mpangilio wa vidogo. Warumi hawakuwa na jaribio hata moja la kupima hilo. Walikuwa na hoja.

Kwa nini Lucretius anaandika materies badala ya materia? Sehemu ya jibu ni mizani. Mshairi wa utenzi anahesabu mizani nane kila kipande, na neno lisilotosha halitoshi. Mstari wa Lucretius una futi sita, na kila futi kabla ya ile ya mwisho ni silabi ndefu ikifuatwa na fupi mbili, au ndefu mbili. Ma-te-ri-a ni ndefu, fupi, fupi, fupi, na fupi tatu mfululizo haziruhusiwi. Isipokuwa a ya mwisho imezwe na irabu inayofuata, neno haliingii. Ma-te-ri-es ni ndefu, fupi, fupi, ndefu, na linakaa kama kigae. Katika genitivu anatumia mkia ambao ulikuwa wa kizamani hata kwa wakati wake, materiai, unaoishia kwa silabi mbili ndefu. Kwa hiyo mwanafunzi akikutana na materies, materiem na materiai asitafute nadharia tatu za maada. Maada ni ileile, vipimo ndivyo vimebadilika.

Wanaosema Kilatini ni lugha ya mantiki iliyokamilika wamsome Lucretius mwenyewe, anayelalamikia patrii sermonis egestas, umaskini wa lugha ya kwao. Lakini umaskini huo ulimzalia mfano bora kuliko yote katika kitabu. Elementa kwa Kilatini ni herufi za alfabeti, na pia ni vianzio vya vitu. Anasema moto unaweza kutoka katika mti bila moto kuwa umejificha humo, kama vile ligna na ignes, kuni na mioto, zinavyoshirikiana herufi zilizopangwa tofauti kidogo. Kiswahili kina mfano ulionyooka zaidi: kuni na kinu. Herufi ni zilezile nne, mpangilio tofauti, na hakuna aliyewahi kutwanga mpunga katika kuni.

Msemo uliopoteza nusu yake

Ile "ex nihilo nihil fit" inayorushwa kwenye mijadala haimo katika Lucretius kwa maneno hayo. Mstari wake ni huu: nullam rem e nihilo gigni divinitus umquam. Nullam rem ni akuzativu, na wengi hudhani ni mtendewa wa kitenzi fulani. Sivyo. Sentensi inaripoti kanuni, na katika taarifa za namna hiyo Kilatini huweka mtendaji katika akuzativu na kitenzi katika umbo lake lisiloonyesha nafsi. Gigni ni kuzaliwa. Fieri ya msemo maarufu ni kuwa au kufanyika tu. E nihilo ni ablativu ya chanzo, ex ileile ya Seneca. Divinitus ni kwa uwezo wa miungu, na umquam ni wakati wowote. Kwa hiyo: kwamba hakuna kitu kinachozaliwa kutokana na kisichokuwapo kwa uwezo wa miungu, wakati wowote ule.

Ukiondoa divinitus umeondoa shabaha. Lucretius anawapinga watu wanaoona radi au tauni na kusema miungu imeleta kitu pasipo chochote; anataka kuwavua hofu. Na ukibadilisha gigni kuwa fit umeondoa hoja yenyewe, kwa sababu mistari inayofuata ni ya uzazi mitupu: kama vitu vingezaliwa pasipo mbegu, watu wangechipuka baharini na samaki ardhini, na kila mti ungezaa tunda lolote.

Esse, na vita ambavyo "vipo"

Seneca, katika barua ya 58, analalamika kuhusu silabi moja ya Kigiriki asiyoweza kuitafsiri: to on. Kigiriki kina kibainishi, to, kinachoweza kugeuza karibu neno lolote kuwa jina. Kilatini hakina. Analazimika, asema, kuweka kitenzi mahali pa jina, na anaandika quod est. Kiswahili pia hakina kibainishi, lakini kina ngeli, na neno moja linatosha: kilichopo. Angetuonea wivu. Ingawa -po yetu inaleta harufu ya mahali, ambayo on haina.

Pale panapotuhusu zaidi ni kitenzi esse, kuwa. Sisi tunagawa: ni kwa kufananisha, -po, -ko na -mo kwa kuwapo. Esse inafanya yote, na juu ya hayo inasaidia kuunda wakati uliopita wa kutendwa. Raptam esse ni kutekwa, au, ukiisikia vibaya, aliyetekwa yupo. Lucretius anauona mtego huo. Watu wanaposema Tyndaridem raptam esse, kwamba Helena binti wa Tyndareus, yule wa hadithi ya Kigiriki ya vita vya Troya, alitekwa, na kwamba Watroya walishindwa vitani, tujihadhari wasitulazimishe kukiri kuwa mambo hayo yapo per se, yenyewe kwa nafsi yake. Watu waliotendewa hayo wamekwishachukuliwa na wakati. Kutekwa kwenyewe kumekaa wapi?

Jibu lake linategemea mgawanyo alioutoa mistari michache nyuma. Yanayokuwapo kwa nafsi yake ni mawili tu, miili na utupu. Mengine yote ni ama coniuncta, yaliyoungana na kitu kiasi kwamba ukiyatenga kitu kinaharibika, au eventa, yanayokuja na kuondoka kitu kikibaki. Coniuncta: uzito kwa mawe, joto kwa moto, umajimaji kwa maji. Eventa: utumwa, umaskini, utajiri, uhuru, vita, maelewano. Sarufi yetu haitusaidii hapo, kwa sababu uzito na utumwa vyote tumevivika u- ileile. Inabidi kutumia kipimo chake. Mwondolee mtu utumwa, anabaki mtu, tena amepumua. Liondolee jiwe uzito, hakuna jiwe.

Kwa hiyo vita vya Troya ni eventum ya miili na ya mahali. Pasipo materies na pasipo nafasi, anasema, uzuri wa Helena usingewasha moto katika kifua cha Paris aliyemteka, wala farasi yule wa mbao, aliyewaficha askari tumboni, asingeichoma Troya usiku kwa kuzaa Wagiriki. Na anapomtaja farasi wa mbao anaacha ligneus ya Kilatini na kuchukua neno la Kigiriki, durateus, la mbao, lenye mkia wa malighafi wa namna ile ambayo Aristotle aliichunguza.